Nyumba Njema Si Mlango

Kati ya mambo yanayozitia familia zetu mfarakano siku hizi, moja ni hili: mzazi amezeekea ugenini, akili zimeanza kumpotea, na mtoto anayekaa naye anawaarifu ndugu zake ya kuwa anafikiri kumpeleka katika nyumba ya wazee. Mara kikao huitishwa nyumbani, na neno la kwanza kusemwa huwa hili: "Amemtupa mama." Wasomaji wapenzi, juma hili twataka kulichungua jambo hili pasipo hasira. Maana neno hilo likitamkwa bure huwaumiza wasio na hatia, na lisipotamkwa panapostahili huwaacha wazee mikononi mwa wasiowajali.

Tuweke mfano. Mama mmoja wa kwetu aliitwa Marekani na binti yake ili amsaidie kulea wajukuu. Wajukuu wakakua, mama akabaki. Sasa ana miaka 78. Ameacha birika motoni hata likaungua. Amemwita mjukuu wake kwa jina la ndugu aliyekwisha kufa. Na alfajiri moja, theluji ikianguka, ametoka nje amejifunga kanga tu, akisema anawahi shambani kabla jua halijawa kali. Binti hufanya kazi usiku, mumewe mchana. Hapana shangazi wa kumwachia, wala jirani wa kumwita kwa sauti juu ya ua. Kaka zake wako Moshi. Je, binti huyu akimpeleka mama katika nyumba ya wazee, amemtupa?

Yafaa tuanze na amri ya nne. Mungu alituamuru kuwaheshimu baba na mama, lakini hakutaja paa ambalo heshima hiyo itatendeka chini yake. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 3 ya kitabu chake, alikwisha kuuona ugonjwa huu tangu zamani, maana amwagiza mwana amvumilie baba yake mzee hata akili zikimpungua, wala asijivunie nguvu zake mwenyewe mbele yake. Neno kubwa hapo ni kuvumilia. Mzazi anayefungiwa chumbani mchana kutwa katika nyumba ya mwanawe, kwa kuwa hapana wa kumtazama, haheshimiwi kwa sababu tu paa ni la mwanawe. Na mzazi aliyewekwa katika nyumba nzuri ya watu wengine, asitembelewe tangu Noeli hata Pasaka, haheshimiwi kwa sababu tu ada imelipwa.

Kanisa lenyewe limejua siku nyingi ya kwamba nyumba ya wazee yaweza kuwa kazi ya upendo. Wakati wa baridi ya mwaka 1839, huko Saint-Servan nchini Ufaransa, Jeanne Jugan alimpokea mjane kipofu asiyejiweza, akampa kitanda chake mwenyewe. Katika kitanda hicho ndimo lilimozaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao leo wana nyumba za wazee katika nchi nyingi, Marekani na hata Nairobi. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Basi swali letu si kama nyumba ya wazee yaruhusiwa au hairuhusiwi. Swali ni kama nyumba hii, na wahudumu hawa, watamtunza mama huyu kama mtu mwenye jina.

Nyumba hizo ni za namna gani

Huko Marekani ziko nyumba za aina mbili ambazo wengi wetu huzichanganya. Za kwanza ni nyumba za uuguzi, kwa wale wanaohitaji muuguzi usiku na mchana. Zile zinazopokea fedha za bima na misaada ya Serikali zafungwa na sheria ya nchi nzima iliyopitishwa mwaka 1987. Za pili ni nyumba za kuishi kwa kusaidiwa: mzee ana chumba chake, naye husaidiwa kuoga, kuvaa, kula na kumeza dawa kwa saa zake. Hizi hazina sheria moja ya nchi nzima. Kila jimbo, nasi twasema jimbo la serikali wala si la askofu, lina kanuni zake na ukaguzi wake. Ndani ya nyumba nyingi za aina hii ya pili pametengwa upande wa wazee waliopotewa na kumbukumbu, wenye milango inayofungwa ili wasitoke wakapotea. Huko ndiko mama wa mfano wetu angepelekwa.

Mwanzo wa nyumba hizi una mafundisho. Bibi Keren Brown Wilson alikuwa angali kijana mama yake alipopatwa na kiharusi, akaishi miaka mingi katika nyumba za uuguzi, asiwe na mlango wake wala saa zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika jimbo la Oregon, bibi huyo alianzisha nyumba ya namna nyingine: mzee awe na mlango wenye kufuli, awe na vyombo vyake, aamue mwenyewe ale saa ngapi na alale saa ngapi. Tangu hapo jina la nyumba hizo limeenea upesi kuliko roho yake. Nyingi leo ni biashara kubwa, zenye ukumbi wa mazulia na maua mezani. Wahenga wetu walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hilo ndilo somo letu zima.

Ugonjwa wenyewe

Hawezi kuichagua nyumba yule asiyeujua ugonjwa. Mwaka 1906 Daktari Alois Alzheimer, Mjerumani, aliwaeleza madaktari wenzake habari za mama mmoja aliyeanza kupotewa na kumbukumbu akiwa na miaka kama 50. Ugonjwa huo sasa waitwa kwa jina la daktari huyo, nao ndio ulio mwingi zaidi miongoni mwa magonjwa ya namna hii. Mwingine hutokana na kiharusi na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Si uchawi, si laana, wala si ukaidi wa uzee. Lakini kabla ya kusema kwamba mzazi anao, sharti aonwe na daktari, maana kusahau kwingine hutokana na huzuni kubwa, upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, au dawa zisizopatana, nako kwaweza kutibiwa.

Katika ugonjwa huu mambo ya jana hutangulia kupotea, na ya utotoni hukaa zaidi. Ndiyo sababu mama yule alitafuta shamba aliloliacha miaka mingi, wala haitambui nyumba aliyolala jana. Hata lugha iliyojifunzwa ukubwani yaweza kutoweka kabla ya ile aliyoinyonya kwa mama yake. Aliyekuwa akiomba maji kwa Kiingereza, kesho ataomba kwa Kiswahili, na kesho kutwa kwa Kichaga. Mhudumu asiyejua ataandika katika daftari lake kwamba mzee anapiga kelele. Kumbe anaomba maji.

Mambo sita ya kutazama

Kwanza, watu. Msiulize habari za jengo kabla ya habari za wahudumu. Mhudumu mmoja hutazama wazee wangapi mchana, na wangapi usiku? Majimbo mengi hayakuweka hesabu ya lazima. Kwa hiyo nyumba yenyewe ijibu, tena kwa maandishi. Wamefundishwa nini juu ya ugonjwa huu? Wamedumu kazini muda gani? Nyumba yenye nyuso mpya kila mwezi haiwezi kumjua mama. Tena vijana wetu wengi ndio wafanyao kazi hizo huko, waulizeni wao. Watawaambia ni nyumba ipi wangemweka mama yao mzazi, na ni ipi wasingethubutu. Kisha mwulizeni msimamizi swali hili moja: mama akiamka alfajiri na kusema anakwenda shambani, mtafanya nini? Akijibu, "Tutamweleza kwamba hapa hakuna shamba," hajaujua ugonjwa. Akijibu, "Tutampa dawa alale," ondokeni. Lakini akisema, "Tutamvika koti, tutembee naye uani, tumwulize mwaka huu amepanda nini," hapo ketini, mwendelee na mazungumzo.

Pili, saa. Mwenye nyumba atawakaribisha siku ya kazi saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani. Shukuruni, mwende. Kisha rudini siku nyingine pasipo kuitwa, jioni saa kumi na moja, na tena siku ya Jumapili, wakati wakubwa wa nyumba hawapo. Jioni ndipo wengi wenye ugonjwa huu huhangaika, wakitaka kwenda kwao. Tazameni kama mhudumu huwashika mkono na kutembea nao, au kama wote wamepangwa mbele ya televisheni kama magunia ghalani. Tumieni na pua: harufu ya mkojo wa siku nyingi haifichwi na manukato. Ulizeni kama upo ua wenye miti na jua, na kama wazee hufikishwa huko kweli, au mlango wake hufungwa mwaka mzima. Nyumba isiyotaka kuonekana ila kwa miadi imekwisha kuwajibu.

Tatu, chakula na mwili. Ketini mezani pamoja na wazee. Mwenye ugonjwa huu akizidiwa husahau kazi ya kijiko, husahau hata kumeza. Ahitaji mtu wa kukaa naye bila haraka. Sahani zikiondolewa zingali zimejaa, ulizeni sababu. Ulizeni kama uzito wa kila mzee hupimwa na kuandikwa, na kama jamaa hupigiwa simu mara mzee aangukapo, au hupata habari siku wajapo wakaona jeraha. Tazameni kucha, tazameni midomo kama imekauka, tazameni kama viatu na miwani ni vya mwenyewe.

Nne, dawa. Mzee aliyelazwa kwa dawa hasumbui mtu, na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2005 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili, zikipewa wazee wenye ugonjwa huu wa kusahau, huongeza vifo. Mwaka 2008 onyo hilo likaenezwa kwa dawa za zamani za namna hiyo pia. Hatusemi kwamba daktari hawezi kuzitumia kamwe. Twasema jamaa wajue. Nani hugawa dawa, muuguzi au mhudumu wa kawaida? Kabla ya dawa kali hujaribiwa nini kwanza? Je, jamaa huulizwa kabla, au huambiwa baadaye?

Tano, lugha na sala. Yupo hata mhudumu mmoja anayejua Kiswahili? Kama hayupo, je, wako tayari kubandika ukutani karatasi yenye maneno machache: maji, choo, njaa, naumwa, naogopa? Jambo hili laonekana dogo, nalo ndilo litakaloamua kama mama ataitwa msumbufu au ataitwa mwenye kiu. Ulizeni vilevile kama padre huruhusiwa kuingia wakati wowote, kama Komunyo huletwa, na kama mzee aweza kupata Mpako wa Wagonjwa pasipo kungoja dakika za mwisho. Mara nyingi rozari hubaki midomoni hata majina ya watoto yakiisha kupotea. Mzee asinyang'anywe kile alichobakiwa nacho.

Sita, mkataba na fedha. Hapa wengi huumia, maana hutia sahihi wakiwa na machozi machoni. Nyumba hizi hugharimu kwa kawaida zaidi ya dola 5,000 kwa mwezi, na upande wa waliopotewa na kumbukumbu huzidi hapo. Medicare, bima ya Serikali kwa wazee iliyowekwa na sheria ya mwaka 1965, hailipi kodi ya chumba wala chakula katika nyumba hizi. Medicaid, ambayo ni kwa wasio na uwezo, hulipia baadhi ya huduma katika majimbo mengi, bali chumba na chakula ni juu ya mwenyewe. Tena mzazi aliyehamia uzeeni, hata akiwa na hati ya ukaazi wa kudumu, kwa kawaida hungoja miaka 5 kabla hajafikiriwa kupata misaada hiyo. Kwa hiyo ulizeni: bei ya mwezi yahusu nini, na kipi hulipiwa mbali? Bei hupanda lini, na kwa taarifa ya muda gani? Fedha ya kuingilia hurudishwa mzee akifa au akihama mapema? Someni sana kifungu kinachosema lini nyumba yaweza kumwondoa mzee, maana nyingine humpokea angali akitembea, na humkataa aanzapo kubebwa. Tazameni kama mkataba huo wawanyima haki ya kwenda mahakamani. Na binti asitie sahihi kana kwamba deni lote ni lake, kabla mwanasheria hajamweleza maana yake. Hati ya uwakili, ya kumruhusu mtoto kushughulikia mali na matibabu ya mzazi, nayo ifanywe mapema, wakati mzazi angali na akili ya kukubali au kukataa.

Zaidi ya hayo sita, someni taarifa za ukaguzi wa jimbo, ambazo katika majimbo mengi ni wazi kwa kila mtu. Wala msisahau njia zilizo kati. Viko vituo vya mchana ambapo mzee hukaa saa za kazi na kurudi jioni kulala kwa mwanawe. Wako na wahudumu wanaokuja nyumbani. Kwa mzazi ambaye ugonjwa wake haujazidi, huenda hizo zikatosha kwa mwaka mmoja au miwili, na mwaka mmoja wa kukaa na wajukuu si kitu kidogo.

Neno kwa ndugu walio nyumbani

Sasa twawageukia ninyi mnaoketi katika kikao. Labda mtasema, "Mrudisheni mama nyumbani." Neno hilo laweza kuwa jema kuliko yote. Hewa ya nyumbani, lugha yake, ibada ya kanisa alimobatiziwa, vyote hivyo ni dawa. Lakini asemaye hivyo na aseme pia ni nani atakayelala chumba kimoja naye; nani atamwosha ajichafuapo; nani atamfuata atokapo usiku wa manane; na nani atamlipa msichana wa kazi, mwezi baada ya mwezi, bila kungoja simu ya dada yule yule aliyelaumiwa. Kama majibu hayo yapo, mrudisheni, na Mungu awabariki. Kama hayapo, basi msimtwike dada yenu mzigo na lawama pamoja.

Hata mkiwa mbali, kazi yenu ipo. Mwandikieni dada yenu historia ya mama, ukurasa mmoja au miwili: jina aliloitwa utotoni, wazazi wake, kijiji chake, nyimbo alizopenda kuimba kanisani, alichokuwa akipanda, chakula asichokila, vitu anavyoviogopa. Wahudumu wakiwa na karatasi hiyo watajua kwamba anapotaja mgomba hasemi upuuzi. Mpigieni simu saa ile ile kila juma, mseme naye kwa lugha yake, hata kama hawajui ninyi ni nani. Changeni fedha, ijapokuwa kidogo, ili dada aweze kuacha zamu moja ya usiku aende kumwona.

Kwa maana siku ya kumpeleka ndipo kazi inapoanza. Mzee mwenye ugonjwa huu hawezi kushtaki. Akinyimwa chakula, jioni amesahau. Akipigwa kofi, hamjui aliyempiga. Jicho la jamaa ndilo linalomlinda. Nendeni mara nyingi, kwa saa zisizojulikana, mle naye, mmtazame mwili, mwajue wahudumu kwa majina, mwashukuru wema wanaoutenda, maana mshahara wao ni mdogo na kazi yao ni nzito. Mkiona jambo baya, mwambieni msimamizi. Asiposikia, kila jimbo la Marekani lina ofisi ya mtetezi wa wazee wakaao katika nyumba hizi, iliyowekwa kwa sheria, nayo hupokea malalamiko pasipo malipo. Na nyumba ikishindikana, mhamisheni. Si aibu kukiri kwamba mlichagua vibaya; aibu ni kumwacha pale pale kwa kuogopa kuambiwa hivyo.

Basi turudi kwa binti yule wa mfano wetu. Kama amezitembelea nyumba mchana na jioni, akauliza, akasoma mkataba, akawashirikisha ndugu zake, na baada ya hayo yote huenda akamlisha mama yake uji kwa mkono wake mwenyewe, mtu asimwambie kwamba amemtupa. Kumpeleka si kumtupa. Kumtupa ni kutokwenda tena kumtazama, nako kwaweza kutendeka Marekani, na kwaweza kutendeka hapa hapa, nyuma ya nyumba yetu, katika kile chumba cha uani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Baba au mama yetu akianza kupotewa na kumbukumbu, nani kati yetu atampeleka kwa daktari, na lini?

2. Je, tumekwisha kumwuliza mzazi mwenyewe, angali na akili zake, angependa atunzwe wapi, na nani?

3. Ndugu yetu anayemtunza mzazi peke yake, tumempa nini mwaka huu zaidi ya ushauri?

4. Historia ya mama na ya baba imeandikwa? Kama haijaandikwa, nani ataanza kuiandika Jumapili hii?